Ripoti ya Mhakiki wa Pili

Jumamosi, mwezi wa tano. Bariadi.

Jua limetoka mapema na upepo umekuwa ukigonga bati la jirani tangu alfajiri. Mvua zimekwisha. Vumbi limerudi barabarani, na huko mashambani pamba imeanza kupasuka.

Nimelala vizuri. Naandika hilo kwanza kwa sababu sikulitegemea.

Jana mchana nilipewa barua ya kunitaka nijieleze. Huu ni mwaka wangu wa tisa kazini na barua hiyo ni ya kwanza. Inasema nimekiuka utaratibu wa ofisi, nimesambaza nyaraka za jarida na nimemvunjia heshima mkuu wangu wa idara mbele ya wajumbe wa kamati. Natakiwa kujibu kabla ya Jumatatu saa sita.

Nimeisoma mara tatu. Kosa langu kubwa halimo humo. Kosa langu kubwa nililifanya Jumanne, na kwa hilo hakuna aliyenikasirikia.

Nilisifiwa.

Chuo chetu kina jarida. Si kubwa. Linatakiwa kutoka mara mbili kwa mwaka, tukijitahidi linatoka mara moja. Mimi ndiye katibu wake, au nilikuwa mpaka jana. Mtu akileta mswada unafika kwenye barua pepe ninayoifungua mimi. Naondoa jina la mwandishi, kisha nautuma kwa watu wawili wanaolijua somo lile. Wanausoma bila kujua ni wa nani, wanaandika ripoti: uchapishwe, urekebishwe, au ukataliwe. Mwandishi naye haambiwi waliomsoma ni akina nani. Hao tunawaita wahakiki. Hawalipwi chochote. Wanafanya kwa sababu na wao kuna siku walisomwa na mtu wasiyemjua.

Mwezi wa pili uliingia mswada kuhusu mbegu za pamba. Sitaandika hapa jina la mwandishi, wala kichwa cha kazi yake, wala kampuni ya mbegu iliyogharimia utafiti ule. Mswada wa mtu ambao haujachapishwa hauanikwi kwenye blogu, hata ukiwa na kasoro. Niseme tu kwamba ulidai mbegu mpya ilipandwa na wakulima wa Kasoli na wa Sola, ikaota vizuri na kuzaa zaidi ya ile waliyoizoea. Ukamalizia kwa kupendekeza wilaya zote za mkoa ziache mbegu ya zamani.

Pendekezo la namna hiyo si maneno ya kwenye karatasi tu. Tangu soko la pamba lifunguliwe na kampuni binafsi ziingie, mkulima wa huku anapanda mbegu anayoletewa. Akiletewa isiyoota, msimu umekwenda. Hakuna anayeweza kumrudishia mvua.

Mhakiki wa kwanza aliandika mistari minne. Kazi nzuri, ichapishwe.

Mhakiki wa pili, mtaalamu wa kilimo aliyestaafu baada ya kuzunguka kanda hii maisha yake yote, aliandika kurasa tatu. Hakutukana wala hakukejeli. Aliuliza maswali tu. Kwa nini mavuno ya mashamba yote yanakaribiana hivi, wakati udongo wa Sola si udongo wa Kasoli? Nani alipima mavuno, lini, na kwa mizani ya aina gani? Kwa nini hakuna hata shamba moja linalotajwa kuwa lilirudiwa kupandwa, wakati msimu ule mvua za mwanzo zilikatika na karibu kila mtu alirudia? Mwishoni akasema kazi isichapishwe mpaka mwandishi aonyeshe karatasi alizojaza shambani.

Mimi ni mkufunzi wa lugha. Pamba ninayoijua ni ya kuchuma. Lakini ripoti ile niliisoma mara mbili kwa raha tu ya kuona mtu anasoma kweli.

Jumatatu Dokta akaniita.

Dokta ni mkuu wangu wa idara na ndiye mhariri mkuu. Sitaki kumwandika kama mtu mbaya, maana si mbaya. Nilipokuwa naandika tasnifu ya uzamili sina kompyuta, aliniachia ufunguo wa ofisi yake nikawa natumia ya kwake kila Jumapili, mwaka mzima, na hakuwahi kuniuliza nitamaliza lini. Alimzika baba pamoja nasi. Nikisema namheshimu, si adabu ya ofisini tu.

Alieleza polepole, kama anavyofundisha. Wageni wa ithibati, wanaokagua kama chuo kinastahili kuendelea kutambuliwa, wanakuja mwisho wa mwezi na watataka kuona toleo jipya la jarida. Toleo lina makala nne, tunahitaji tano. Ile kampuni ya mbegu imeahidi kompyuta kwa maabara ya wanafunzi. Mwandishi amempigia simu mara kadhaa. Kwa hiyo ripoti ya pili iwekwe pembeni, tuseme haikufika, na mimi niandike nyingine ya kukaa mahali pake, kama vile imetoka kwa mhakiki wa chuo kingine. Alisema mimi nina kalamu nzuri, haitanichukua hata saa moja.

Halafu akasema jambo la mwisho, akiwa ameshaanza kupanga karatasi zake.

"Na ya kwako tutaiingiza toleo hilihili, Kabula. Imesubiri mno."

Ya kwangu ni makala kuhusu watoto wa Mkula wanaohesabu ng'ombe kwa Kisukuma kabla hawajajua namba kwa Kiswahili, na jinsi shule inavyowaanzisha upya kana kwamba hawakujua kitu. Nilikaa nao mihula mitatu. Nilikaa chini, kwenye vumbi, nikiwaandika wanavyotaja ng'ombe kwa rangi na pembe. Kwa kuwa mimi ni katibu, sikuweza kujitafutia wahakiki. Kazi hiyo ilikuwa ya Dokta. Miezi kumi na moja makala ikakaa kwake bila kutumwa kwa mtu. Kupanda cheo kwangu kunaisubiri. Mama yangu hunipigia simu kuniuliza kama kile kitabu kimetoka. Nimeshachoka kumweleza kwamba si kitabu.

Nilimjibu Dokta kwamba sawa.

Sikusema nitafikiri. Nilisema sawa.

Jumanne nikafunga mlango na kuandika ripoti ya mtu asiyekuwepo. Nilimpa hata mji: Dodoma. Nikamfanya awe mkali kidogo mwanzoni ili aaminike, akalalamikia majedwali mawili na makosa ya tahajia, kisha akalainika na kupendekeza ichapishwe baada ya marekebisho madogo. Ilikuwa nzuri. Hapo ndipo ninapojionea aibu zaidi, kwamba nilipomaliza nilirudi juu nikabadilisha neno moja ili sentensi itiririke vizuri. Niliona fahari.

Jumatano Dokta aliisoma na kucheka. Alisema huyo bwana wa Dodoma ni mtu makini sana.

Nilicheka pia.

Alhamisi sina vipindi. Shangazi Nkwimba, dada yake baba, anaumwa mguu tangu Pasaka, nikaenda kumwona Sola. Niliondoka Bariadi asubuhi na sukari na sabuni, nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni anachambua mbegu za mchicha, mguu ameunyoosha juani. Tukasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, mhola, akaulizia mama, akaulizia wanafunzi wangu mmoja mmoja kana kwamba anawajua.

Sikwenda kupeleleza. Naapa kwa hilo, na nitaliapa hata Jumatatu. Mswada sikuubeba, wala sikutaja habari zake. Ni yeye aliyeanza kulalamika, kama kila mkulima anavyolalamika mwezi wa tano. Alisema afadhali msimu huu kuliko ule uliopita, alipopewa mbegu mpya, akapanda, ikaota mojamoja kama nywele za mzee, akang'oa na kupanda tena ile ya zamani aliyobakiza ndani. Na kijana wa watu alikuwa ameshakuja kumwandika.

Nikamuuliza kijana gani.

Akasema kijana mmoja mwenye adabu, mwenye kompyuta ya kushika mkononi. Alimuuliza jina, ukubwa wa shamba na kama amepokea mbegu. Akamshukuru, akaondoka kwenda kwa jirani.

"Alikuja mara moja tu, wakati wa kupanda," shangazi akasema. "Mavuno hakuja kuyaona. Nilimwekea na viazi, nikidhani atarudi."

Nilikuwa nayaona majedwali yale kichwani: Sola, shamba la kwanza, la pili, la tatu, na mavuno ya kila moja yameandikwa mpaka nukta. Sikujua kama shamba la shangazi lilikuwa mojawapo, majina hayakuwemo. Lakini maswali ya mhakiki wa pili yalikuwa yananijia moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa limekaa pale kwenye kigoda limenyoosha mguu.

Baba yangu alikuwa mpanga madaraja ya pamba kwenye chama cha msingi, enzi za ushirika. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kituo cha kununulia, kufungua furushi, kuingiza mkono mpaka chini na kusema hii ni pamba safi, hii ni pamba fifi, ya daraja la chini. Watu hawakumpenda msimu wa mauzo. Aliwahi kumrudishia kaka yake wa kuzaliwa furushi zima akalichambue upya, na mwaka ule tulikula Krismasi peke yetu. Kisha soko likafunguliwa, wanunuzi wakaja wengi wakigombea mzigo, na kila mmoja akachukua safi na fifi kwa pamoja. Watu wakaanza kutia maji na mchanga. Baba akakaa nyumbani. Hakuna aliyemfukuza, ilitokea tu kwamba hahitajiki tena.

Mimi nilikuwa msichana mdogo na niliona heri, maana sasa tungepata marafiki.

Njiani kurudi nilijiuliza swali ambalo nimekuwa nalikwepa wiki nzima: mtaalamu yule mstaafu alitumia siku ngapi za maisha yake kuandika kurasa tatu bila malipo, ili mimi nije nizifiche kwenye droo na kumtia mtu wa Dodoma mahali pake?

Jana asubuhi saa mbili nilikuwa mlangoni kwa Dokta. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti. Sikukaa.

"Dokta, naomba tuiondoe ile ripoti yangu, turudishe ya mhakiki mwenyewe."

Aliinuka akafunga mlango. Akaniambia nimechoka, wiki imekuwa ndefu. Nikamwambia sijachoka. Akaniuliza kama nadhani majarida mengine yanafanya tofauti, siku hizi ambapo kila chuo kina jarida lake na mengine yanakubali makala kwa siku mbili bila mtu kufungua hata ukurasa wa kwanza.

"Ya wengine siyajui," nikasema. "Hili nalijua, kwa sababu nimeghushi kwa mkono wangu."

Sikumwambia habari za shangazi. Nilikuwa nimeamua hivyo tangu usiku. Mswada haukataliwi kwa maneno ya shangazi wa katibu. Unapimwa kwa ripoti ya mtu aliyeusoma, na ripoti ilikuwepo. Tena sasa nilikuwa na ndugu katika jambo lile, kwa hiyo mswada ule haukupaswa kubaki mikononi mwangu hata siku moja zaidi. Hilo nilimwambia: kwamba nina ukaribu na baadhi ya wakulima wa eneo lililotajwa, najitoa, ampe mjumbe mwingine aushughulikie.

Akaniuliza, na makala yangu?

Nikamwambia naiondoa.

Hapo alirudi kwenye kiti chake. Alipoongea sauti yake haikuwa ya ukali, na ndiyo maana iliniuma.

"Tukikosa ithibati, Kabula, watoto hawa utawapeleka wapi?"

Nina wanafunzi ambao wazazi wao waliuza ng'ombe kuwaleta pale. Nimelitafuta jibu tangu jana na ninaloweza kusema ni moja tu, kwamba cheti cha chuo kinachoghushi wahakiki hakitawafikisha mbali, na kuna watu huko Sola nao ni wazazi wa wanafunzi wetu. Najua halitoshi.

Lakini nilisema hapana. Nilisema mara mbili, maana ya kwanza ilitoka kama nanong'ona.

Nilirudi mezani kwangu nikawaandikia wajumbe wote wa kamati ya uhariri. Niliambatanisha ripoti ya mhakiki wa pili, jina lake nikiwa nimeliondoa. Niliambatanisha ripoti ya Dodoma. Nikaandika kwamba hiyo ya Dodoma nimeitunga mimi, Jumanne, ofisini, na kwamba nilijua ninachofanya. Sikuandika niliagizwa na nani. Hilo waliulize wenyewe, na nikiulizwa nitajibu.

Barua inasema nimesambaza nyaraka. Nimezipeleka kwa watu ambao kanuni za jarida letu zinawataja kuwa ndio wanaotakiwa kuzisoma. Kanuni hizo nilizichapa mimi.

Kwa saa nzima hakuna aliyejibu. Nilikwenda kwenye chumba cha walimu, mazungumzo yakakatika, mmoja akakumbuka kwamba ana kipindi. Nilimimina chai yangu nikainywa nikiwa nimesimama.

Aliyejibu wa kwanza ni Sista, mkufunzi wa kemia, mtawa wa maneno machache ambaye nadhani hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Aliwajibu wote. Aliandika kwamba amesoma ripoti zote mbili, na kwamba jina lake lisitumike kwenye toleo lolote litakalotoka kwa ripoti ya uongo. Basi. Hakunisifu, wala hakunilaumu. Baada ya nusu saa mjumbe mwingine akaandika kwamba anaungana na Sista. Kisha wa tatu.

Saa tisa likaja tangazo. Toleo limeahirishwa. Mswada wa mbegu utarudishwa kwa mwandishi pamoja na maswali yote ya mhakiki wa pili. Saa tisa na nusu mhudumu wa ofisi akaniletea barua yangu ndani ya bahasha ya kaki, na karatasi nyingine inayonitaka nikabidhi nywila ya barua pepe ya jarida.

Nilikabidhi. Niliiandika kwa herufi za kusomeka.

Siwezi kujua mwandishi yule atajibu nini. Huenda karatasi za shambani anazo. Huenda kijana mwenye adabu alimrudishia namba za kubuni na mwenyewe hajui. Akizileta na zikionekana sawa, nitakuwa wa kwanza kufurahi, maana mbegu nzuri tunaihitaji. Ninachokataa ni mtu kupita bila kuulizwa.

Barua ya kujieleza nimeshaiandika. Rafiki yangu mmoja alinishauri kwa simu niombe radhi kwa kila kitu, nilie kidogo, yaishe. Nimeomba radhi kwa jambo moja, kughushi, na nimelieleza bila kujitetea. Kwa mengine nimeandika kwamba sikukosea na ningeyarudia. Kama nitapelekwa mbele ya kamati ya nidhamu, nitakwenda. Kama nitahamishwa, Simiyu ina shule nyingi na watoto wa kufundisha hawakosekani. Cheo kilichonisubiri kitasubiri zaidi, au kitampata mwingine.

Dokta hajapiga simu. Ningependa apige. Hata akinigombeza, ningependa tubaki watu wanaogombana.

Leo asubuhi nilifungua makala yangu ya watoto wa Mkula, nikaisoma tangu mwanzo kama mtu asiyenijua. Nimekuta aya mbili ambazo nilikuwa nazipenda na sasa naona ni maneno matupu. Nimezitoa. Nimekuta mahali nimesema "watoto wote" wakati niliwasikiliza kumi na saba tu. Nimerekebisha. Kisha nimeituma kwa jarida la chuo kingine, mbali na hapa, ambako simjui mtu na hakuna anayenijua. Limejibu papo hapo kwa ujumbe wa mashine: tumepokea mswada wako, utasomwa na wahakiki wawili, tafadhali kuwa na subira.

Huenda ikachukua mwaka mwingine. Huenda wakaikataa. Mama ataendelea kuniulizia kitabu.

Nasubiri. Nikija kuandikiwa hapana, nataka iwe hapana ya mtu aliyenisoma.